Njiti wa miezi tisa, fizi tupu na maneno ya majirani

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mbagala. Nimelifupisha, maneno ni yake:

"Daktari shikamoo. Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, kilo 1.3. Alikaa hospitali wiki saba, siku tisa za mwanzo akiwa na mpira wa kupumulia mdomoni, halafu akalishwa kwa mpira karibu mwezi mzima. Sasa ana miezi tisa, kilo 6.2, na hana hata jino moja. Akinywa uji kwa chupa anapaliwa. Akipewa kijiko anageuza uso na kubana midomo. Kaakaa lake limeingia ndani kama mtaro. Jirani amemtazama fizi akasema ana meno ya plastiki, yatolewe kabla hayajamletea homa. Mama mkwe anasema si meno, ni kimeo, kikatwe. Mimi nauza vitenge Kariakoo, natoka alfajiri narudi usiku, mtoto anabaki na bibi yake. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na lisilosubiri: asitokee mtu wa kutia chuma, ukucha wala uzi mdomoni mwa huyo mtoto. Iwe kwa ajili ya plastiki au kwa ajili ya kimeo, jibu ni moja. Mengine yote tutayazungumza polepole.

Kwanza tuhesabu umri. Mimba kamili ni wiki 40, binti yako alitoka na 30. Wiki 10 alizopaswa kuwa tumboni amezimalizia nje, lakini mwili wake unaendelea kuzihesabu. Ukizitoa kwenye miezi tisa unabaki na miezi sita na siku ishirini hivi. Huo tunauita umri uliorekebishwa, na ndio utakaoutumia kumpimia meno, kukaa, kutambaa na kula mpaka afikishe miaka miwili. Chanjo tu ndizo zinazofuata tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye kadi.

Jino la kwanza kwa watoto wengi hutokeza karibu na miezi sita, lakini wapo wa miezi minne na wapo wanaokata mwaka wakicheka na fizi tupu, na wote ni wazima. Kwa hiyo binti yako wa miezi sita na ushee hajachelewa chochote. Ukimlinganisha na mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki hiyo hiyo akiwa na kilo tatu na nusu, utakosa usingizi bure.

Sasa hayo meno ya plastiki, ambayo wengine wanayaita ya nailoni. Jirani yako hakuzua. Kitu amekiona kweli, ila amekipa jina baya. Paka kidole chako maji safi, kipitishe juu ya ufizi wake, kando ya pale meno ya mbele yatakapokaa. Utagusa kivimbe kigumu kidogo, cheupe kuliko ufizi unaokizunguka. Hilo ni jino la chonge likiwa ndani ya kifuko chake. Kwenye umri huu gamba lake la nje bado linajengwa, huwa halijakamilika mpaka karibu miezi tisa baada ya kuzaliwa, na jino lenyewe halitokezi mpaka mtoto atembee, kati ya miezi 16 na 20 au zaidi. Mtu akilichokonoa leo, anatoa kitu laini, cheupe, chenye kuteleza, halafu anamwonyesha mama kiganjani: "Umeona? Plastiki!" Na mama anaona kweli. Ndiyo maana habari hii, iliyovuma nchini tangu miaka ya 1980, haifi. Ushahidi wake unashikika. Tatizo ni kwamba lile lilikuwa jino la mtoto, limeng'olewa bichi.

Nimewahi kumkalisha kwenye kiti mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyeletwa kwa sababu "jino limeota vibaya". Chini kulia, chonge la ukubwani lilikuwa limetokeza kwa ubavu, fupi, lina shimo la rangi ya kahawia. Kushoto halikuwepo kabisa. Mama yake akafikiri kidogo, akasema alipokuwa na miezi mitano aliharisha sana, wakampeleka kwa mzee mmoja mwenye spoku ya baiskeli. Chonge la utotoni na kichipukizi cha lile la ukubwani hukaa jirani sana ndani ya taya. Spoku haichagui. Na huyo alikuwa na bahati, kwa sababu wapo wanaofika hospitali na maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na wapo wanaopata pepopunda.

Kwa njiti hatari ni kubwa zaidi, na sababu yake ni hesabu tu. Mtoto mchanga ana damu kiasi cha mililita 80 kwa kila kilo. Binti yako wa kilo 6.2 ana damu isiyojaza chupa ndogo ya maji ya dukani. Juu ya hilo, njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini chuma, kwa sababu akiba hiyo mtoto huichukua kwa mama zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, ambayo yeye hakuimaliza. Damu ambayo mtoto mwingine angeipoteza akaishia kulialia, yeye inaweza kumlaza wodini.

Homa na kuharisha je? Vinakuja kweli katika umri huu, ndiyo maana vinasingiziwa meno. Ni umri ambao kinga aliyopewa na mama inaisha, anaanza vyakula vya nje, na kila anachookota kinakwenda mdomoni. Jino linalotoka linaweza kumfanya atoe mate, atafune nguo, akasirike usiku. Homa ya nyuzi 38 na zaidi au kinyesi cha maji mara nyingi kwa siku havisababishwi na meno. Hapo ni zahanati, ORS na vidonge vya zinki, na kupimwa malaria.

Kimeo nakipitia haraka. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kazi yake, pamoja na kaakaa laini, ni kuziba njia ya pua wakati wa kumeza na kusaidia matamshi. Kukohoa na kupaliwa kwa binti yako kuna sababu nyingine, nitakuonyesha sasa hivi, na kukikata hakuzigusi hata moja.

Kupaliwa. Mtoto akinyonya anafanya kazi tatu kwa zamu: ananyonya, anameza, anapumua. Zamu hiyo hupangika kuanzia kama wiki ya 32 hadi ya 34 ya mimba. Binti yako alitoka kabla ya hapo, kwa hiyo wakati wenzake wakijizoeza kwa kumeza maji ya uzazi, yeye alikuwa na mpira kooni. Alijifunza zamu hiyo baadaye, na mpaka leo akiharakishwa inamvurugika.

Sasa naomba uitazame hiyo chupa ya uji. Geuza chuchu juu chini na uangalie tundu lake. Nakisia limepanuliwa kwa sindano ya moto au kukatwa kwa wembe, maana uji haupiti kwenye tundu la kawaida. Nimeziona nyingi mno za namna hiyo kwenye mikoba ya akina mama. Uji unamiminika bila yeye kuuvuta, mdomo unajaa, anatakiwa achague kumeza au kupumua, anapaliwa. Halafu ili uji upite inabidi uwe mwepesi, na uji mwepesi ni maji tu. Tumbo linajaa, kilo hazipandi.

Chupa hiyo itupeni. Sisemi ifungiwe kabati, maana siku ya haraka itatoka. Maziwa yako unayoyakamua apewe kwa kikombe kidogo kisicho na mdomo, kile cha kahawa kinafaa sana. Bibi amkalishe wima mapajani, amshike shingo kwa nyuma, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe na kukiinamisha mpaka maziwa yafike tu kwenye midomo. Asimimine. Mtoto atatoa ulimi na kuyaramba mwenyewe, atapumzika, atarudia. Mara za kwanza mengi yatamwagikia kwenye bibu, na bibi ataona anapoteza wakati. Baada ya siku chache mtoto anashika mwendo. Kikombe pia kinasafishika kwa sabuni na maji ya moto, wakati chuchu ya chupa ina kona ambazo burashi haifiki.

Maziwa yaliyokamuliwa, kwenye joto letu hili la Dar, yasikae mezani zaidi ya saa mbili au tatu. Kama kuna friji yatamaliza siku nzima bila shida. Kama hakuna, kidumu chenye barafu kinasaidia. (Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti apate muda wa ziada mpaka wiki 40 zitimie. Nafurahi kwa hilo, lakini mwenye meza ya vitenge Kariakoo hana mwajiri wa kumpa likizo, na wengi wanaonijia ni hao.)

Hapo kwenye kijiko ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea wakidhani mtoto ana kiburi. Fikiria kilichomfikia mdomoni katika wiki saba za kwanza. Plasta mashavuni, zinabanduliwa na kubandikwa. Mpira kooni. Mrija wa kunyonya makohozi. Mpira wa maziwa unaotolewa na kurudishwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na ladha, na vingi viliuma. Vilikuwa vya lazima, vimemwokoa, lakini mdomo ulijifunza kwamba kinachokuja kutoka mbele ni cha kuogopwa. Kwa hiyo anabana midomo. Akishikwa mikono, akalazwa magotini na kulishwa kwa nguvu, anapata uthibitisho kwamba aliogopa kwa haki. Kila bakuli linalomalizwa kwa vita linaongeza wiki moja ya kugeuza uso.

Anza mbali na chakula. Usiku ukirudi, mvue, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kama mlivyofundishwa kwenye huduma ya kangaroo. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu vifaa vya kuwatunza njiti vilikuwa haba, na imekuja kuonekana kwamba kifua cha mama kinafanya kazi ambazo mashine haifanyi. Mtoto mkubwa pia anatulia hapo. Akiwa ametulia, gusa mashavu yake kwa kidole safi, kisha pembe za midomo, kisha midomo. Akikuruhusu, gusa ufizi wa mbele. Akigeuka, acha. Siku ya tatu au ya kumi atakinyonya kidole chako mwenyewe. Mpe titi hata kama ameshiba na halina maziwa mengi, anyonye kwa raha yake tu.

Chakula nacho akiguse kwa mkono kabla hakijaguswa na mdomo. Mpe kipande cha ndizi mbivu akiponde, ajipake usoni. Bibi atasema anachezea chakula. Ni kweli, na ndiyo dawa. Kijiko mpe kitupu akitafune. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko haumwagiki, na uongezewe kitu chenye nguvu, kama karanga zilizosagwa laini, parachichi, yai lililopondwa au dagaa waliosagwa. Maini ya kuku yaliyosagwa mara kwa mara ni bora kwa damu yake. Kijiko kije usawa wa mdomo, kisimame mbele yake, kimsubiri. Akifungua, kiingie. Vijiko viwili vitatu kwa mlo vinatosha kuanzia, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe. Mlo wote usizidi nusu saa. Haya yote kwa sharti moja, kwamba ameshaweza kushika shingo na kukaa akiegemezwa. Kama bado, rudini kwanza kliniki.

Kuna dalili ambazo hazingoji mazoezi. Midomo ikigeuka bluu wakati wa kula, akitoka jasho na kuhema, kifua kikikorota kila baada ya mlo, akipata nimonia mara kwa mara, au uzito ukisimama, mpeleke hospitali ya rufaa, iwe Temeke, Amana, Mwananyamala au Muhimbili, iliyo karibu nawe. Na maziwa yakitokea puani mara kwa mara, sema hivyo waziwazi, kwa sababu inahusu kaakaa lake.

Kaakaa lenyewe ni hivi. Mifupa ya mtoto wa wiki 30 ni laini kama nta ya mshumaa iliyopata joto. Mpira ukilala katikati ya kaakaa siku nyingi, unaacha njia yake. Mara nyingi mtaro huo hupungua kadiri ulimi unavyoufanyia kazi, kwa kunyonya na kutafuna, ingawa kwa wengine kaakaa hubaki juu na jembamba na meno ya juu hubanana baadaye. Kwa sasa kazi yako ni kuusafisha, maana maziwa na uji hujificha humo. Kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, kimezungushwa kidoleni, mara moja asubuhi na mara moja kabla ya kulala. Utando mweupe ukifutika, ni maziwa. Usipofutika, na ukiufuta panakuwa pekundu, ni fangasi, anahitaji dawa na chuchu zako nazo zitibiwe. Mimi nataka kulipapasa kaakaa hilo kwa kidole changu, kwa sababu kuna mpasuko wa kaakaa unaojificha chini ya ngozi ambao macho hayauoni.

Sasa meno ambayo bado hayajatoka. Hapa ndipo njiti anapotofautiana na wenzake kweli kweli, na ndipo ambapo watu hawaambiwi mapema. Meno ya mbele huanza kujengwa mimba ikiwa na wiki 14 hivi, na gamba lao gumu hukamilika muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa kwa wakati wake. Magego ya nyuma ya utotoni huendelea mpaka karibu mwaka. Kalisi na fosfeti zinazolijenga gamba hilo, sehemu kubwa mtoto huzipata katika miezi ile mitatu ya mwisho. Kila mtoto ana mstari ndani ya meno yake, unaoonekana kwa darubini, unaotenganisha gamba lililojengwa tumboni na lililojengwa nje. Kwa binti yako mstari huo umekaa mapema, na gamba lililofuata baada yake limejengwa akiwa anapigania pumzi.

Kwa hiyo meno yakitoka, usishtuke ukiona madoa meupe kama chaki, au ya njano, au vishimo vidogo. Kwa waliowekewa mpira wa kupumulia huonekana zaidi kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi upande wa kushoto, ambako chuma cha kufungulia koo hukandamiza ufizi. Si uchafu. Yasisuguliwe kwa mkaa wala majivu. Weusi nao ukitokea wakati anatumia matone ya madini chuma ni rangi tu, inatoka kwa kusafisha na kwa daktari. Usimwachishe matone kwa sababu hiyo.

Gamba jembamba maana yake ni kwamba sukari italimaliza upesi. Jino la mwenzake lingevumilia miezi, la kwake litaoza kwa wiki kadhaa. Nisamehe kwa ukali, lakini sukari kwenye uji iishe leo. Mtoto asiyeijua haililii. Glukosi kwenye maji, juisi ya boksi, biskuti iliyolowekwa chai, chuchu bandia iliyochovywa asali, vyote hapana mpaka apite miaka miwili, na asali kabla ya mwaka mmoja ni hatari kwa sababu nyingine kabisa ya sumu ya bakteria. Bibi asijaribu uji kwa kijiko kisha akampa mtoto kijiko hicho hicho, wala asimtafunie. Bakteria wanaoozesha meno husafiri hivyo.

Siku jino la kwanza litakapotokeza, siku hiyo hiyo nunua mswaki mdogo laini. Dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje moja ya mchele, asubuhi na usiku, na baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu kingine isipokuwa titi au maji. Inua mdomo wake wa juu mara moja kwa wiki, penye mwanga. Ukiona mstari mweupe uliofifia pembeni mwa ufizi, njoo wiki hiyo. Hapo bado tunaweza kupaka floridi na kuusimamisha. Ukisubiri uwe wa kahawia, tutakuwa tunazungumza habari nyingine. Vyovyote vile aonwe na daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka.

Limebaki la mama mkwe, na najua ndilo zito. Usimpelekee maneno yangu kama hukumu. Yeye ndiye anayekaa na mtoto kutwa nzima, yeye ndiye anayemwona akipaliwa na moyo unampasuka. Anatafuta dawa, kama wewe. Njoo naye. Nitamwomba anilishie mtoto mbele yangu kwa kikombe, nitamshikisha kidole kwenye kile kivimbe cheupe, na nitamwonyesha mfano wa taya lenye vichipukizi vya meno ndani. Bibi wengi wakishaliona lile taya huuliza swali moja: kwa nini hatukuambiwa? Na baada ya hapo ndio wanaowafukuza wenye spoku mtaani, kwa sauti ambayo mimi sina.

Mkija, leteni kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali inayoonyesha siku za mpira, na matone anayotumia. Mje kabla hajala, na mbebe uji wake kwenye chombo, jinsi unavyopikwa nyumbani, usiurekebishe kwa ajili yangu.